Nambari Yako ya Simu Ni ya Nani?

Uzi mrefu kidogo. Haya ni mazungumzo niliyotoa hapa Malindi mbele ya vijana, wavuvi na akina mama wa vyama vya kuweka akiba. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, nimepunguza salamu tu. Desturi ya uzi huu mnaijua: hatumtaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunachambua hoja.

Jamani, nianze na kitu ambacho kila mmoja wenu anacho mfukoni au kwenye mkoba hivi sasa.

Msimu wa kampeni ukikaribia, mambo ya simu hupanda jukwaani. Kuna maneno matatu ambayo nina hakika mmeyasikia. La kwanza: "Nambari zimekwisha nchini, ndiyo maana laini zenu zinafungwa." La pili: "Mkinichagua mimi, hakuna mtu wa Malindi atakayefungiwa laini." La tatu ndilo hupigiwa makofi kuliko yote: "Hizi kampuni zinauza nambari zenu." Kila moja lina chembe ya ukweli ndani yake, na kila moja limepindwa.

Tuanze na hilo la kwanza, maana hilo ni hesabu tu, na hesabu haina chama.

Toa simu yako, tazama nambari yako. Ina tarakimu kumi na inaanza na sifuri. Hiyo sifuri ni ya kupigiana humu nchini. Ndugu yako aliye Muscat akikupigia anaiacha na kuweka 254. Zinabaki tarakimu tisa. Ya kwanza katika hizo tisa ni 7, au kwa laini za karibuni ni 1. Baada ya hiyo 7 kuna nafasi nane, na kila nafasi inakaa tarakimu yoyote kuanzia 0 mpaka 9. Ukizidisha kumi kwa kumi mara nane unapata nambari milioni 100. Ukoo wa 1 nao una milioni 100 zake. Jumla milioni 200, na hapo hujagusa za simu za mezani.

Sasa sisi ni wangapi? Sensa ya 2019 ilituhesabu Wakenya 47,564,296, na kaunti yetu ya Kilifi watu 1,453,787. Laini za simu zinazotumika nchini ni zaidi ya milioni 60, nyingi kuliko watu, kwa sababu wengi wetu tunatembea na laini mbili: moja ya pesa, moja ya bando rahisi. Na kuna laini ambazo hazina mtu kabisa: ziko ndani ya mashine za kulipia kadi madukani, ziko kwenye vifaa vya kufuatilia magari. Hata ukizijumlisha zote hizo, milioni 200 hazijaisha.

Mbona basi mwaka 2019 tulianza kuona nambari za 01? Safaricom wakapewa 0110 na 0111, Airtel wakapewa 0100 mpaka 0102, na watu wakawa wanaogopa kupokea simu wakidhani ni matapeli. Kama za 07 zilikuwa milioni 100 na watu tulikuwa hatufiki nusu ya hizo, zilikwenda wapi?

Zilikwenda kwenye mafungu. Nambari hazigawiwi moja moja kama maandazi. Mdhibiti, yaani Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, huipa kampuni fungu zima. Chukua 0722: baada ya tarakimu hizo nne zinabaki sita, kwa hiyo fungu hilo lina nambari milioni moja. Kampuni ikishapewa, nambari zote milioni moja zinahesabika zimetoka, hata kama laki tatu bado ziko kwenye laini zilizojaa vumbi dukani, na nyingine ni za watu walioweka laini mara moja wakaitupa.

Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufundishwa jambo hili na mtu. Tumelijua katika ardhi. Ukisafiri kutoka hapa kwenda Magarini utaona ekari kwa ekari hazijalimwa, na kando yake wamebanana watu wasio na hati. Ukimuuliza mtu wa ofisini atakwambia ardhi imekwisha. Haijaisha, ina mwenyewe asiyeonekana. Kwa hiyo mgombea akisema nambari zimekwisha, usibishane naye. Muulize: kila fungu lililotolewa, nambari ngapi ndani yake zina mtu? Hilo ndilo swali la matumizi bora, na jibu lake linafaa kutolewa hadharani, kampuni kwa kampuni, fungu kwa fungu. Silaumu kampuni yoyote hapa. Nasema tu kwamba bila takwimu hiyo, wewe na mimi na mgombea wote tunabahatisha.

Nambari za mezani zinaonyesha jambo hili vizuri zaidi. Wazee waliomo humu wanakumbuka Malindi ilikuwa 0123. Ukitaka kumpigia mtu wa Malindi kutoka Nairobi unaanza na 0123, halafu tarakimu chache. Lamu ilikuwa na zake, Kilifi na zake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mambo yakapangwa upya: Malindi, Lamu na Garsen tukawekwa pamoja chini ya 042, Kilifi ikaunganishwa na Mombasa kwenye 041, na nambari zikarefushwa. Baada ya 042 kuna tarakimu saba. Zipigie hesabu: ni nafasi milioni kumi, kwa ajili ya Malindi, Lamu na Garsen! Na simu za mezani zilizobaki nchi nzima, kwa ripoti za Mamlaka, ni makumi ya elfu tu. Hoteli chache, ofisi za serikali, hospitali, basi. Nafasi ile kubwa imekaa kama ukumbi wa harusi baada ya wageni kuondoka.

Hakuna aliyefanya makosa hapo. Mpango ulitengenezwa wakati watu walidhani maendeleo ni waya kufika kila nyumba. Simu ya mkono ikaja ikapindua kila kitu. Lakini inakuonyesha kwamba mpango wa nambari hupangwa kwa dunia ya jana, na mtu lazima akae aupange tena kila baada ya miaka.

Huyo mtu ni nani? Hapa tunaingia kwenye neno la pili, la "mkinichagua mimi."

Nambari 254 hatukujichagulia. Ilitoka kwa Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lililo Geneva, shirika la Umoja wa Mataifa lililoanza mwaka 1865, enzi za simu za waya za kugonga herufi. Wao waliigawa dunia kwa kanda, Afrika ikawa kanda ya 2. Sisi 254, Tanzania 255, Uganda 256. Kuna kisa kidogo watu wa mwambao watakipenda: 259 iliwekwa kando kwa ajili ya Zanzibar, haikutumika, na leo ukimpigia mtu wa Unguja unapita 255. Hata kuungana kwa nchi kunaonekana kwenye kitabu cha nambari.

Baada ya 254, ndani ya nchi, mwenye kazi ni Mamlaka ya Mawasiliano. Zamani posta na simu vilikuwa shirika moja. Mwaka 1999 likagawanywa, Posta ikawa peke yake, Telkom peke yake, na mdhibiti akawa mbali nao. Kazi hiyo inatoka kwenye Sheria ya Habari na Mawasiliano ya 1998, na kuna kanuni za nambari za mwaka 2010 zinazosema fungu linaombwaje, linatolewaje. Na msingi wa yote ni huu: nambari ni mali ya umma. Kampuni imepewa kuitumia. Na wewe umepewa na kampuni kuitumia. Hakuna mwenye hati.

Sasa fungua Katiba, Jedwali la Nne, lile linalogawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti. Mawasiliano ya simu yamo upande wa serikali ya kitaifa. Kwa hiyo anayewania uwakilishi wa wadi, au ugavana, akikuahidi kwamba laini yako haitafungwa, anakuahidi kitu kisichokuwa ghalani mwake. Mbunge na seneta ni hadithi nyingine. Wao hutunga sheria, na kanuni zinazotengenezwa na wizara hupelekwa Bungeni, ambako zinaweza kukataliwa. Huyo ukimbana kwa swali hili, umembana mtu sahihi.

Na hapohapo tutenganishe mambo mawili ambayo majukwaani huchanganywa makusudi, au kwa kutojua. Kuna laini kufungwa kwa sababu haikusajiliwa, na kuna laini kufungwa kwa sababu haikutumika. Ya kwanza ni ya usalama: laini zisizosajiliwa zilizimwa mwisho wa 2012, na mwaka 2022 tukapigishwa foleni tena, mwisho ukiwa Aprili, kisha ukasogezwa mpaka 15 Oktoba. Mnakumbuka foleni zile, wazee kwa vijana, kila mtu na kitambulisho mkononi. Hiyo haina uhusiano wowote na nambari kuisha. Ya pili ndiyo ya ugawaji, na ndiyo ninayotaka tukae nayo, maana hiyo ndiyo inayowaumiza watu wa hapa kimyakimya.

Inakwenda hivi. Laini isipotumika kwa muda uliowekwa, kampuni huifunga. Nambari inapumzishwa. Halafu inarudi sokoni ndani ya laini mpya, na mtu mwingine ananunua kwa shilingi chache. Nataka niwe mwadilifu: jambo hilo lina maana yake. Kama kila laini iliyowahi kuuzwa tangu mwaka 2000 ingebaki na nambari yake milele, tungefika kwenye 02 na 03 zamani, na nambari ndefu zaidi. Kila nchi inafanya hivyo. Anayepigia kelele zoezi zima hajafikiria.

Lakini kanuni ya kurudisha nambari ilizaliwa wakati nambari ilikuwa mlango tu. Ukipoteza mlango, unawaambia watu, "jamani nimehama, nigongeeni huku." Leo nambari ni ufunguo. M-PESA ilipoanza Machi 2007, nambari ikawa mfuko wa pesa. Baadaye benki wakaitumia kukutumia tarakimu za siri. eCitizen hivyohivyo. KRA hivyohivyo. Bima ya afya hivyohivyo. WhatsApp, yaani harusi, misiba, mikutano ya madrasa na ya kanisa, yote imefungwa kwenye nambari. Tumeugeuza mlango ukawa ufunguo wa nyumba nzima, na kanuni bado inautendea kama mlango.

Chukua mfano. Msichana wa Kakuyuni anapata kazi ya nyumbani Saudia, mkataba wa miaka miwili. Mna watoto wa namna hiyo, sina haja ya kueleza. Anafika kule, simu yake ya Kenya haina mtandao mahali alipo, au mwajiri anamwekea laini ya huko. Laini ya Kenya inalala. Mwezi, miezi, mwaka. Huku nyumbani nambari yake inafungwa, inapumzishwa, inauzwa. Inanunuliwa na kijana wa Eldoret ambaye hana habari na hana kosa.

Angalia sasa. Pesa zake zilizokuwa kwenye akaunti ya simu hazimfuati yule kijana, hilo tulielewe vizuri, kwa sababu akaunti imesajiliwa kwa kitambulisho chake. Lakini mama yake akimtafuta kwa nambari ya zamani, anapokea mtu mwingine. Benki ikituma tarakimu za siri, zinaingia Eldoret. Kliniki ikituma ujumbe wa kukumbusha tarehe ya dawa, na mnajua ni dawa gani ambazo mtu hataki zijulikane, inaingia Eldoret. Na msichana akirudi, akitaka kufungua akaunti yake ya huduma za serikali, anaambiwa "tumekutumia ujumbe kwenye nambari yako." Nambari ipi? Anaanza kuzunguka: benki, duka la kampuni ya simu, kituo cha Huduma, tena na kitambulisho, tena na hati ya kiapo.

Mgeuze upande wa pili. Kijana wa Eldoret naye anateseka. Kila siku anapigiwa na watu wa mikopo ya simu, wakimuita jina la kike, wakimtukana alipe deni asilolijua. Amenunua laini, akanunua na matatizo ya mtu. Mmoja kati yenu aliniambia kabla hatujaanza kwamba yake ilikuja na mume: mwanamume alikuwa akimpigia usiku akimlilia arudi nyumbani. Tulicheka, lakini mume wake halisi hakucheka.

Kwa hiyo shida haiko kwenye kurudisha nambari. Shida ni namna inavyorudishwa, na nani anabeba gharama. Hivi sasa anayebeba ni yule asiyetumia simu kila wiki: aliye Ghuba, mfanyakazi wa hoteli aliyerudi kwao bara baada ya Pasaka wageni walipoondoka akaiacha laini ya kazi kwenye droo, mchungaji aliye mbali na mnara, bibi anayepokea tu simu na hapigi. Kwa huyo bibi kuna swali ambalo lingestahili jibu moja la nchi nzima, lililoandikwa kwa Kiswahili kwenye pakiti ya laini: kupokea simu kunahesabika kuwa matumizi, au mpaka utumie pesa?

Wengine wamefanyaje? Marekani ni nchi tajiri na ina tatizo hilihili. Mdhibiti wao ameweka muda wa chini: nambari iliyofungwa moja kwa moja isigawiwe mtu mwingine kabla ya siku 45. Kwa hali yetu, ambapo simu ni benki, siku 45 mimi naziona chache mno. Lakini kuna la pili walilofanya ambalo nalipenda. Tangu Novemba 2021 wana rejista ya nambari zilizogawiwa upya. Benki, hospitali au kampuni ya mikopo inaweza kuuliza: hii nambari, tangu tarehe niliyoipata, imewahi kufungwa? Rejista inajibu ndiyo au hapana. Haitaji jina la mtu. Ndiyo au hapana tu, na benki inajua kwamba isitume siri kule.

Kitu kama hicho Kenya hakihitaji miujiza. Kampuni za simu zenyewe ni chache, zinahesabika kwa vidole. Tarehe ya kufunga kila nambari wanayo. Na tayari tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inayomtaka anayeshika taarifa zako azishike zikiwa sahihi. Benki inayotuma siri zako kwa nambari ya miaka mitano iliyopita bila kuhakikisha, sheria hiyo inaihusu.

La pili ni kumruhusu mtu kuihifadhi nambari yake. Anayesafiri aseme, "naondoka miaka miwili, niwekeeni," alipe ada ndogo kwa mwaka, basi. Kama ni ada, itazuia watu kuhifadhi ovyo, na anayeihitaji kweli ataipata. Na kampuni nazo zitozwe kwa mafungu wanayokalia bila kuyatumia. Uingereza walijaribu hilo mwaka 2013 katika maeneo 30 yenye uhaba: kampuni ilipe peni 10 kwa mwaka kwa kila nambari iliyopewa. Peni 10 si kitu, lakini ukishika laki kadhaa usizozitumia, mhasibu wako atakuuliza. Sisi tunamkumbusha bibi wa Marafa kutumia laini yake asije akanyang'anywa. Ni haki na kampuni ikumbushwe kutumia fungu lake.

Kuna mahali uhaba ni wa kweli, nipite haraka. Ni zile nambari fupi. Za tarakimu tatu ziko elfu moja tu, 000 mpaka 999, na nyingi huwezi kuzitumia kwa sababu zingegongana na mwanzo wa nambari nyingine. Humo ndimo mlimo 999 na 112 za dharura, na 116 ya watoto. Mtoto anayepigwa anaweza kukumbuka 116. Hawezi kukumbuka tarakimu kumi. 1195 ya ukatili wa kijinsia ina moja zaidi na bado inakumbukika. Kisha unasikia jukwaani: "Nitaleta nambari fupi ya ambulensi ya kaunti yetu." Ambulensi kweli ni kazi ya kaunti, Katiba inasema hivyo. Lakini kaunti ziko 47. Kila moja ikiwa na yake, mtu aliyegongwa Mtwapa akitokea Mombasa ataita ipi? Afadhali mgombea aahidi kwamba ukipiga 999 hapa Malindi mtu atapokea na gari litakuja lina mafuta. Nambari tunayo. Kinachokosekana mara nyingi ni gari. (Hapo ukumbi ulipiga makofi, nikasubiri.)

Neno la tatu: "wanauza nambari zenu." Hapa kuna mambo mawili ndani ya kifuko kimoja. Kuuza nambari nzuri, zile za kujirudia kama 777 777, ni kuuza urahisi wa kukumbuka. Mimi silioni tatizo kubwa, mradi bei iwe wazi na mali ya umma ilete kitu kwa umma. Kuuza orodha ya nambari za watu, na majina yao, kwa mtu anayetaka kukutumia ujumbe wa kamari au wa kura, hilo ni jambo tofauti kabisa, ni kosa chini ya sheria ile ya data, na mlango wa kulalamikia ni Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Na tazama kichekesho: anayepiga kelele jukwaani kwamba nambari zenu zinauzwa, wiki ya uchaguzi unapata ujumbe wake kwenye simu. Muulize aliipata wapi.

Kabla sijaacha maswali, kuna haki moja ambayo wengi wenu hamjui mnayo. Tangu 1 Aprili 2011, Mkenya anaweza kuhama kutoka kampuni moja kwenda nyingine na nambari yake. Tanzania walifuata Machi 2017. Hii ni dawa nzuri ya ugawaji, kwa sababu anayehama hachomi nambari mpya. Wachache sana waliitumia. Sababu wala si siri: nambari inahama, lakini akaunti ya pesa inabaki na kampuni ya zamani. Nani atahama aache mfuko? Ndiyo maana badala ya kuhama tunanunua laini ya pili na simu ya laini mbili, na kila mmoja wetu anakalia nambari mbili. Ukitaka kujua kwa nini 07 ilijaa, sehemu ya jibu ni hiyo.

Maswali yalikuwa mengi. Naweka mawili.

Kijana mmoja wa Shela aliuliza afanye nini leo, kabla hao wabunge hawajaamka. Nilimwambia: piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, usiyoijua, kaikane dukani. Kama una ndugu anayeondoka kwenda Ghuba, kabla ya uwanja wa ndege abadilishe nambari kwenye benki, eCitizen na WhatsApp aweke atakayokuwa nayo, au ya mtu wa nyumbani anayemwamini, na awaulize kampuni yake kwa maandishi laini italala muda gani kabla ya kufungwa. Ukimtumia mtu pesa kwa nambari ya zamani, jina hujitokeza kabla hujathibitisha. Lisome. Na kama mnataka kanuni ibadilike, Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Halihitaji wakili. Linahitaji karatasi, sahihi na mtu wa kulifuatilia.

Swali la pili lilitoka kwa mzee wa Mambrui, aliyenyamaza muda wote. Alisema mkewe amefariki mwaka jana, na yeye kila mwezi huweka shilingi kumi kwenye laini ya marehemu ili isifungwe, kwa sababu watu wa Lamu na wa Mombasa bado hupiga nambari ile wakitaka kumpata yeye, na wengine hupiga ili kutoa pole. Akauliza kama anavunja sheria, na kama anaweza kuandikwa yeye.

Nilimjibu kwamba pesa zilizobaki kwenye akaunti ni mirathi, ashike cheti cha kifo aende dukani akiwa na barua ya chifu, ataelezwa hatua za warithi. Kuhusu laini yenyewe, imesajiliwa kwa jina la marehemu, na usajili unatakiwa uwe wa mtu anayeitumia, kwa hiyo aombe siku hiyohiyo ihamishiwe kwenye kitambulisho chake, asisubiri. Akauliza, "Na wakikataa?" Nikamwambia wakikataa, awaombe wamwandikie sababu, aniletee hiyo karatasi. Tutaitia kwenye ombi.